Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI: Tunaomba njia ya baiskeli Bonde la Msimbazi

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: OMBI LA NJIA YA LAMI YA BAISKELI KATIKA BUSTANI YA BONDE LA MSIMBAZI, DAR ES SALAAM

Mheshimiwa Waziri,

Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Nafahamu kuwa mwananchi mwenye shida huanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akapanda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi, na kwamba ngazi hizo zimewekwa kwa sababu njema. Nimeziruka kwa kuwa ninachokiomba kinapita mitaa mingi na kata nyingi, na kwa kuwa Mto Msimbazi, kule chini unakokaribia bahari, ndio mpaka wa Ilala na Kinondoni. Ukingo mmoja una mkurugenzi wake, na ukingo wa pili una wa kwake. Mwenye kauli juu ya kingo zote mbili ni wewe, Mheshimiwa.

Mimi ni mkazi wa Magomeni na ninaendesha baiskeli ya mbio, ile ya tairi nyembamba na usukani wa kupinda. Ombi langu hata hivyo si la wanamichezo peke yao. Ndani ya bustani ya jiji inayokusudiwa Bonde la Msimbazi, tunaomba kwa unyenyekevu ijengwe njia moja ya lami, tambarare, isiyokatika, kuanzia Barabara ya Kawawa hadi karibu na bahari penye Daraja la Selander, kwa ajili ya baiskeli na vyombo vingine visivyo na injini, na pembeni yake njia ya waenda kwa miguu.

Kabla sijaeleza, naomba nitoe shukrani, maana sisi tunaoishi pembezoni mwa bonde hili tunajua limetugharimu nini. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu Uhuru. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na wengi walionusurika walipelekwa Mabwepande kuanza upya kwenye viwanja. Mafuriko yakarudi 2014, yakarudi tena 2018, na ikawa mazoea kwamba masika yakikolea, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na jiji linakatika vipande viwili. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilipigwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa pale pale, ilijaa maji na matope mara kwa mara. Kwa hiyo mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 200, zikaongezewa fedha za Uholanzi na Hispania, na Serikali ikaamua kulishughulikia bonde zima badala ya kuendelea kuzibua kalvati moja moja, wengi wetu tulishukuru kwa moyo wote. Mradi uko chini ya wakala wa barabara, TARURA, na TARURA iko chini yako. Daraja jipya la Jangwani limepangiwa urefu wa mita 390 ili maji yapate pa kupita. Maelfu ya wakazi wamelipwa fidia wakahama. Mahali palipokuwa na nyumba zao patakuwa bustani.

Sasa, Mheshimiwa, naomba uniruhusu nilieleze bonde hili kwa macho ya mtu aliye juu ya baiskeli. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapokea maji ya Luhanga, ya Ubungo na ya Sinza, na ukishafika Jangwani nchi inakuwa bapa kabisa. Mto hauna tena haraka. Unatua mchanga uliobeba kutoka juu, unatanuka kwenye matete, halafu unaingia kwenye mikoko ya Selander na kuonana na bahari. Ubapa ule ule unaofanya maji yatuame ndio unaoifanya baiskeli iende. Watu wa mipango hutazama bonde hili wakaona hatari, na hawakosei. Mwendesha baiskeli hulitazama akaona sehemu pekee katikati ya jiji ambako mtu anaweza kusafiri kilomita kadhaa bila kupanda mlima hata mmoja, na bila gari kumkata mbele, ikiwa tu njia itakuwepo.

Huenda mtu asiyeendesha akadhani kuwa tambarare ni suala la raha. Ni suala la mzigo. Kwenye ardhi bapa mwendesha baiskeli hushindana na upepo na msuguano wa tairi. Uzito humsumbua wakati wa kuondoka, lakini akishashika mwendo hata kilo 60 za madafu kwenye keria hazimzuii sana. Mpandishe mwinuko mdogo tu, na kila kilo ya yale madafu atainyanyua kwa mapaja yake mwenyewe. Ndiyo maana kwenye vilima vya jiji hili utamkuta muuza madafu ameshuka, ameinama, anasukuma. Kwenye barabara kubwa pia anasukuma, na huko sababu ni nyingine: anaogopa kugongwa.

Watu hao ndio ninaowaombea kwanza. Muuza madafu anayeanza safari kabla jua halijachomoza. Kijana anayetoka Feri na samaki kwenye ndoo, akikimbizana na joto. Muuza mikate na boksi lake la bati, muuza lambalamba, mtu wa guta aliyebeba magunia ya viazi kutoka Kariakoo. Wahudumu wa Muhimbili wanaokaa Kigogo na Magomeni, ambao hospitali wanaiona ng'ambo ya bonde lakini ili waifikie wanapanda daladala au mwendokasi na kuzunguka. Wanafunzi wa shule za Jangwani na Azania. Watu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za miguu mitatu za kukanyaga kwa mikono, ambao leo hii hupita katikati ya malori kwa sababu njia ya pembeni ina ngazi, mashimo au gari lililoegeshwa. Hawa wote wanaendesha baiskeli tayari. Hawahitaji kampeni ya kuhamasishwa, wanahitaji pa kupita salama.

Ni haki niseme kwamba hatukuachwa bila chochote. Kandokando ya Barabara ya Morogoro zimo njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na mwendokasi ulioanza kazi Mei 2016, na kwa mfumo ule Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Tunajivunia. Lakini anayepita pale saa kumi na mbili jioni anajua hali ilivyo. Bodaboda wanaingia humo kukwepa foleni, magari yanaegeshwa, na mama lishe ameweka meza yake kwa kuwa ndipo wateja walipo. Simlaumu mama lishe, naye anatafuta riziki. Ninachosema ni kwamba njia iliyobandikwa kwenye ubavu wa barabara kuu itakuwa na wagombea wengi siku zote, na baiskeli ndiyo mnyonge wao. Bonde halina mgombea bado. Tukichelewa miaka michache, nalo litakuwa nao.

Mheshimiwa Waziri, naomba sasa nitaje wenzetu, nikianza na jirani wa karibu. Kigali ni jiji la vilima, kiasi kwamba Septemba 2025 lilipoandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, yakifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, milima yake iliwavunja miguu hata mabingwa. Mji kama huo una tambarare chache, na chache zilizopo ni ardhi oevu kati ya kilima na kilima. Mojawapo, Nyandungu, ilikuwa imechakaa kwa kulimwa, kulishiwa mifugo na kupokea taka. Serikali ya Rwanda iliirudishia uhai: madimbwi ya kuchuja maji, miti ya asili zaidi ya 17,000 ya aina 55, na njia za kutembea na za baiskeli zinazozunguka ndani yake. Julai 2022 ikafunguliwa kwa umma ikiwa na zaidi ya hekta 120. Maji ya mvua yanapata pa kupumzikia, ndege wamerudi, na mtoto wa Kigali anapata mahali bapa pa kujifunzia baiskeli. Sisi tuna bahati kubwa kuliko wao, kwa kuwa bonde letu liko katikati kabisa ya jiji, kati ya Kariakoo na Magomeni, mahali ambapo watu wanapita kwenda kazini na siyo kwenda kupunga upepo peke yake.

Mbali zaidi, kule Florida nchini Marekani, katika hifadhi ya Everglades, ipo njia ya lami iitwayo Shark Valley. Ni mzunguko wa kilomita 24 katikati ya kinamasi cha majani, bapa kama meza, na magari binafsi hayaruhusiwi. Watu wanapita kwa baiskeli huku mamba wa kule wakiota jua pembeni ya lami. Ninaitaja kwa sababu inathibitisha kwamba lami na kinamasi vinaweza kukaa pamoja, kwa sharti kwamba maji yaachiwe pa kupita chini ya njia. Na kule Chicago, njia inayofuata ufuo wa Ziwa Michigan kwa karibu kilomita 30 iliwahi kuwa na msongamano mkubwa wa wakimbiaji, wazazi wenye vigari vya watoto na baiskeli za kasi, wote kwenye ukanda mmoja. Mwaka 2018 wakamaliza kuitenganisha: waenda kwa miguu upande wao, baiskeli upande wao. Ilibidi wajenge mara mbili. Sisi tunaweza kujenga mara moja.

Nchi ya tatu ni Uholanzi, ambayo fedha zake zimo ndani ya mradi huu. Sifa ya Waholanzi ya kuishi na maji inajulikana, na bila shaka ndiyo iliyowaleta Msimbazi. Nchi hiyo hiyo ina baiskeli nyingi kuliko watu, na haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 kule, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia mitaani, wakaomba, wakasisitiza, na serikali yao ikasikia. Njia tunazozisifu leo zilianza na maombi ya raia wa kawaida kwa viongozi wao. Naomba, kwa heshima zote, wataalamu wa Kiholanzi walioko kwenye mradi waulizwe pia habari za baiskeli. Naamini watafurahi kuulizwa.

Nikuombe ruhusa niingie kwenye mambo ya ufundi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo njia nyingi za baiskeli hufia. Bustani hupendezeshwa kwa pevingi, zile tofali za saruji za kupangwa. Kwa miguu ni nzuri. Kwa baiskeli, hasa kwenye udongo wa bondeni unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, tofali moja huzama, jirani yake ikabaki juu, na tairi nyembamba ikajikwaa. Baada ya mafuriko ndiyo mbaya zaidi, maana maji hufukua mchanga wa chini na tofali huelea na kuhama. Mbao nazo, zikinyeshewa na kuota ukungu, huteleza vibaya sana. Tunaomba lami, juu ya tabaka za mawe zilizoshindiliwa vizuri, yenye kuinamia upande mmoja kidogo tu, kama sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasisimame. Upana usipungue mita 3, kwa kuwa guta mbili zinapaswa kupishana bila mmoja kushuka kwenye majani. Kona ziwe pana na za kuonekana mbele. Pasiwe na tuta, pasiwe na ngazi, na vizuizi vya mlangoni viwe vya kuzuia gari na bajaji bila kuifungia guta au baiskeli ya mlemavu. Pikipiki haizuiliwi na nguzo, itapita panapopita baiskeli. Hiyo inataka sheria ndogo ya halmashauri na askari wa mgambo mwenye adabu na msimamo.

Jambo ambalo wahandisi wako watalielewa haraka kuliko mimi ni kwamba njia hii itazama. Bonde la mafuriko ni la mto, na mto utalidai kila masika. Tunaomba njia isiogopeshwe na hilo wala isiinuliwe juu ya tuta la udongo litakaloziba maji, kwa sababu hapo tutakuwa tumelirudisha tatizo lile lile lililowaua wenzetu. Ilazwe chini, sawa na ardhi, juu ya makalvati mengi madogo. Ikizama siku mbili, izame. Maji yakishuka, mchanga ufagiliwe, lami ibaki pale pale. Kuwe na nguzo zenye alama za kina cha maji na geti la kufungwa mvua kubwa inapotabiriwa, na njia ya akiba kwenye ukingo wa juu, ili mhudumu wa Muhimbili asikose kufika zamu yake.

Hali kadhalika, Mheshimiwa, mikoko isikatwe kwa ajili yetu. Hilo nalisema kwa niaba ya waendesha baiskeli wote ninaowafahamu. Mikoko ya Selander inatunza samaki wadogo na kuushika udongo wa mdomo wa mto, na matete ya Jangwani ndiyo wanakolala yangeyange na korongo wanaporudi jioni. Njia ipite kandokando ya matete, isipite katikati yake. Taa ziwe fupi, zimulike chini, ziwatoshe binadamu bila kuwafukuza ndege. Tukiharibu kinamasi ili tupate njia ya kukitazama, tutakuwa tumepoteza vyote viwili.

Sasa niombe lile lililonifanya nishike kalamu mwezi huu badala ya kungoja. Ni Daraja la Jangwani. Chini ya daraja refu vile kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ufunguo wa ombi zima. Njia ikipita chini ya daraja, baiskeli itavuka Barabara ya Morogoro bila taa, bila kusubiri, bila kukutana na basi hata moja. Ikikosa nafasi pale chini, njia itakatika, na mtoto wa shule atalazimika kupanda barabarani kuvuka njia za magari na za mwendokasi. Kuitengea baiskeli kipande chake wakati daraja na kingo zake bado ni kazi inayoendelea ni gharama ndogo. Kurudi baadaye kutoboa na kuchonga ni gharama ambayo hakuna halmashauri itakayoikubali. Kinachotakiwa si kikubwa: kimo kisichopungua mita 2.5 kutoka kwenye lami ya njia, mwanga wa kutosha, pasiwe na kona ya kujifichia vibaka, na miteremko ya kuunganisha na barabara ya juu isiyozidi mita 1 kwa kila mita 20. Miteremko mikali zaidi ya hapo inamshusha muuza madafu kwenye baiskeli yake, na sote tunarudi kwenye kusukuma. Upande wa bahari, njia ikifika Selander, iungane na Barabara ya Barack Obama na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, ili mtu wa Kigogo aweze kwenda Coco Beach na mwanawe kwa baiskeli siku ya Jumapili.

Naomba niseme neno kuhusu dada zetu na mabinti zetu. Katika jiji hili wanawake wanaoendesha baiskeli ni wachache kuliko wanaotamani. Wengi walijifunza utotoni, wakaacha walipokua, na ukiwauliza hawasemi kwamba wamechoka. Wanasema makondakta wanawapigia kelele, bodaboda wanawabana, na nyumbani wanaambiwa watagongwa. Wanaoambiwa hivyo hawadanganywi. Njia iliyotengwa na magari, yenye taa, yenye watu asubuhi na jioni, itawarudisha wengi. Tunaomba ifunguliwe alfajiri, kwa kuwa wenye kazi hutoka alfajiri, na tunaomba pasiwe na kiingilio. Bustani ikiwa na sehemu za kulipia, sawa, ila njia ya kupita kwenda kujitafutia mkate isitozwe.

Sisi wa baiskeli za mbio nasi tuna haja yetu, na naitaja mwisho makusudi. Vijana wanaotaka kuwa wachezaji wanafanya mazoezi kwenye barabara kuu, bega kwa bega na malori. Hawana mahali salama pa kujifunza kushika mstari, kupokezana upepo, kula na kunywa mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Saa za mapema asubuhi, kabla watu hawajajaa, njia hii ingewafaa sana. Saa za msongamano tuko tayari kubanwa: wekeni kikomo cha mwendo, wekeni mabango, na atakayemtisha mwenda kwa miguu anyang'anywe haki ya kupita. Muuza mikate ana haki ya njia hiyo kabla yetu.

Na wale waliohama, Mheshimiwa. Njia hii itapita juu ya vyumba walimozaliwa watu, vibaraza walivyokaa wazee, mahali walipozikia vitovu vya watoto wao. Walikubali kuondoka ili jiji lipone. Naomba kwa unyenyekevu kazi za kuitunza njia, za kufagia mchanga baada ya mvua, kukata majani, kutengeneza baiskeli na kuuza maji ya kunywa, wapewe kwanza vijana wa Jangwani, Kigogo, Mchikichini, Hananasif na Magomeni, wakiwemo watoto wa waliohamishwa. Na majina ya mitaa iliyoondolewa yaandikwe kwenye vibao vya njia, kila kimoja mahali pake halisi, ili wajukuu wajue babu yao alikaa wapi.

Natambua kuwa meza yako ina mafaili ya nchi nzima, ya zahanati zisizo na dawa, madarasa, madawati na barabara za vijijini zinazokatika kila mvua. Silinganishi kilomita chache za lami na dawa ya mgonjwa. Naomba tu, kwa kuwa bonde lenyewe tayari limepata fedha, wahandisi na muda, kipande hiki kisisahaulike wakati kila kitu kiko mezani. Nakuomba Mheshimiwa, au yeyote utakayemteua, ufike Jangwani asubuhi moja ya siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu, usimame kwenye ukingo wa Magomeni uangalie wanaovuka. Tutakupokea kwa heshima zote unazostahili, na ukipenda tutakuletea baiskeli iliyokaguliwa breki na cheni.

Kwa ndugu zangu wasomaji mnaoishi kata za bonde hili: mkutano wa mtaa kuhusu mradi ukiitishwa, nendeni, na mtajeni muuza madafu.

Mheshimiwa Waziri, tunaomba agizo lako kwa TARURA kwamba nafasi ya baiskeli chini ya Daraja la Jangwani itengwe sasa, kabla kazi haijakamilika. Mengine yote tunaweza kuyasubiri.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mwendesha baiskeli, Magomeni, Dar es Salaam.